Vidonge vya sitikolini vya kulinda ubongo baada ya kiharusi: tathmini ya mnunuzi wa Malindi

Sitikolini ni dawa ambayo wengi wetu huisikia kwa mara ya kwanza siku ambayo jamaa amepatwa na kiharusi. Huandikwa kwenye karatasi ya hospitali pamoja na dawa za presha na za kolesteroli, au hupendekezwa na muuzaji wa kemisti anaposimuliwa kwamba mgonjwa amepooza upande mmoja na maneno hayamtoki sawasawa. Mimi niliinunua kwa ajili ya mjomba wangu aliyeletwa Malindi kutoka Lamu. Kwa kuwa bei yake si ya mchezo na ahadi iliyochapishwa kwenye boksi lake ni kubwa, nimeona inafaa kuitathmini kama bidhaa nyingine yoyote: kinachouzwa ni nini, kinafanya kazi gani, na je, fedha hizo zisingekuwa na pa kwenda penye manufaa zaidi? Sitataja jina la kampuni wala la duka, kwa sababu hoja yangu ni juu ya dawa yenyewe, ambayo hutengenezwa na kampuni nyingi na kuuzwa kwa majina mbalimbali.

Kwa upande wa duka sina lawama nyingi. Kemisti niliyonunulia iko mjini, hukaa wazi hadi baada ya Isha, dawa zake hazikai juani, na muuzaji alinionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi kabla sijamwuliza, kisha akaniandikia risiti yenye jina la dawa na namba ya toleo. Boksi ni jeupe, lina mchoro wa ubongo unaong'aa kwa rangi ya samawati, na ndani yake mna karatasi tatu za fedha zenye vidonge kumi kumi vya miligramu 500. Vidonge ni virefu na vinene kiasi kwamba hata mtu mzima asiye na tatizo lolote la koo hulazimika kuvisindikiza kwa maji mengi, na jambo hilo lina uzito wake, kama nitakavyoeleza. Bei ilikuwa shilingi 100 kwa kidonge, yaani 3,000 kwa boksi, na maelekezo yalikuwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Mama yangu ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mnunuzi wa dawa hii hulibeba moyoni. "Daktari, mwanangu, hizi zitamrudisha ndugu yangu?" Kijana wa kemisti akajibu kwa adabu, "Inshallah, mama. Hizi zinalinda seli za ubongo zisife. Na siku nyingine mtu akianguka nyumbani, mpeni mapema, hata kabla hamjafika hospitali." Sentensi yake ya kwanza ni dua, na hakuna wa kuipinga. Ya pili ni dai la kitabibu linaloweza kupimwa, nalo limepimwa. Ya tatu ni ushauri wa hatari, na ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii badala ya kutupa boksi kabatini na kunyamaza.

Ili kulipima dai lenyewe kwa haki, ni lazima kwanza kueleza kinachotokea damu inapokatika. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya kuutosha. Mshipa unapozibwa na donge la damu, sehemu iliyo katikati kabisa ya eneo lililokatiwa hufa ndani ya dakika chache. Kuizunguka hubaki ukingo ambao bado unapata damu kidogo kupitia mishipa ya jirani. Seli zake zimenyamaza na hazitumi ujumbe wowote, ndiyo maana mkono hauinuki na mdomo unakwenda upande, lakini hazijafa. Ni kama miche iliyonyauka ambayo mizizi yake haijakauka: maji yakirudi mapema huinuka, yakichelewa haina tena msaada. Tofauti hii kati ya kiini kilichokwisha kufa na ukingo unaookoleka ilifafanuliwa na Astrup, Siesjö na Symon mwaka 1981, na matibabu ya kisasa ya kiharusi cha kuziba yamejengwa juu yake. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba katika kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa kisichotibiwa, mgonjwa hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika.

Ukosefu wa oksijeni hauui peke yake. Seli zikikosa nishati, pampu zinazodumisha uwiano wa chumvi kati ya ndani na nje ya seli husimama. Glutamati, kemikali ambayo kwa kawaida seli huitumia kupashana habari, humwagika kupita kiasi. Kalsiamu huingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli kutoka ndani. Na hata damu ikirudi, huandamana na molekuli kali za oksijeni zinazozidisha uharibifu. Katika kila moja ya hatua hizi mtengeneza dawa anaweza kujaribu kuingilia kati, na hapo ndipo lilipozaliwa wazo la dawa za kulinda seli za ubongo, wazo ambalo kwenye karatasi halina kasoro.

Sitikolini hudai nafasi yake kupitia utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Ikifika mwilini huvunjwa kuwa sitidini na kolini, malighafi ambazo mwili huzitumia kutengeneza mafuta yanayounda utando huo, na kwa hiyo hoja ni kwamba seli iliyojeruhiwa itapata cha kujikarabatia kabla haijabomoka. Ni hoja nzuri, na katika wanyama wa maabara ilitoa matumaini. Kisha likaja jaribio la ICTUS, lililofanyika Hispania, Ureno na Ujerumani na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012. Wagonjwa 2,298 ambao kiharusi chao kilikuwa hakijapita saa 24 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa sitikolini na wengine dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake na inayotumika kulinganishia tu, kwa muda wa wiki 6, kwa dozi ya miligramu 2,000 kwa siku, na katika siku za mwanzo dawa ilipitishwa moja kwa moja kwenye mshipa. Baada ya siku 90 hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kukamilisha idadi iliyokusudiwa, kwa kuwa hesabu za katikati zilionyesha kwamba kuendelea hakutabadilisha jibu. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio mbalimbali ya dawa hii, nayo hayakukuta faida ya kutegemewa, si katika vifo wala katika ulemavu.

Sasa rudi kwenye boksi letu na ufanye hesabu. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni ni miligramu 1,000 kwa siku, nusu ya dozi iliyojaribiwa na kushindwa. Kwa wiki 6 mnunuzi wa Malindi hulipa shilingi 8,400 ili apate nusu ya kitu ambacho kikiwa kizima hakikuonyesha faida. Na akitaka kuifikia dozi ya jaribio, atameza vidonge 168 na kulipa shilingi 16,800. Sijakutana na muuzaji hata mmoja aliyeyasema haya kaunta, ingawa sitaki kumwekea kijana wa kemisti mzigo wote peke yake, maana karatasi aliyoletewa ilikuwa imeandikwa na mtu mwenye koti jeupe.

Wala sitikolini si ya kulaumiwa peke yake. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu mbinu 1,026 za kutibu kiharusi kikiwa kipya ambazo zilikuwa zimejaribiwa maabara au kwa wagonjwa, nyingi zikiwa za kulinda seli. Dawa iliyojulikana kwa namba NXY-059 ilionekana kufanikiwa katika jaribio la SAINT I mwaka 2006, lakini jaribio kubwa zaidi la SAINT II, mwaka uliofuata, likaifuta sifa hiyo. Huko Los Angeles, wahudumu wa ambulansi waliwapa wagonjwa magnesiamu ndani ya saa 2 tangu dalili zianze, hata kabla ya kufika hospitali, katika jaribio la FAST-MAG lililohusisha watu 1,700 na kuchapishwa mwaka 2015. Dawa ilifika mapema kweli, lakini wagonjwa hawakutoka na ulemavu mdogo zaidi. Sababu za kushindwa huku zinajadiliwa hadi leo. Panya wa maabara huwa kijana na mzima, tena hupewa dawa dakika chache baada ya mshipa kufungwa au hata kabla, ilhali binadamu ana miaka sabini, ana sukari na presha, na hufika akiwa amechelewa. Mimi, nisiye daktari, naona kuna ugumu mmoja unaoeleweka hata na mtu wa kawaida: dawa husafiri kwa damu, na pale penye shida ndipo damu isipofika.

Kama kuna kinga ya seli za ubongo iliyothibitika kwa binadamu, ni ile ya kumpoza mtoto mchanga aliyekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, ambaye mwili wake hushushwa hadi takriban nyuzi 33.5 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa 6 za kwanza. Hata hiyo hutaka wodi yenye vifaa na watu wa kutosha, na jaribio la HELIX la mwaka 2021, lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, lilikuta watoto waliopozwa wakifa kwa wingi zaidi. Hakuna kitu cha namna hiyo ndani ya boksi la vidonge.

Kinachookoa ukingo ule kwa hakika ni kuirudisha damu. Dawa ya kuyeyusha donge inafaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na tena baada ya skani ya kichwa kuthibitisha kwamba kiharusi ni cha kuziba na si cha kuvuja, kwa kuwa dalili za nje hufanana na dawa inayomsaidia mmoja inaweza kumwua mwingine. Katika vituo vikubwa, donge lililoziba mshipa mkubwa huvutwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, utaratibu uliokubalika duniani baada ya majaribio ya mwaka 2015. Kwa mtu wa kisiwani hesabu hii ni ngumu. Mgonjwa wa Lamu aliyeanguka nyumbani hubebwa kupitia vichochoro visivyopita gari hadi gatini, huvushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kama familia imeamua kumleta Malindi, zipo zaidi ya kilomita 200 za barabara mbele yao. Mjomba dalili zilimwanza usiku. Walisubiri kupambazuke ndipo wavuke, na alipoingia Malindi muda wa dawa ya kuyeyusha donge ulikuwa umepita. Hakuna kidonge kinachonunuliwa jioni ya siku hiyo kinachoweza kuurudisha.

Ndiyo maana ule ushauri wa kumpa mtu dawa "hata kabla hamjafika hospitali" ninaupinga kwa nguvu zote. Kwanza, unawapa watu kitu cha kufanya nyumbani wakati ambao jambo pekee la kufanya ni kuondoka. Pili, na hili ndilo niliahidi kulirudia, mtu aliyepatwa na kiharusi mara nyingi hawezi kumeza salama hata kama anaitikia na kutikisa kichwa. Kidonge kinene na gilasi ya maji vinaweza kwenda kwenye njia ya hewa, na nimonia inayofuata imewamaliza wengi ambao kiharusi chenyewe kiliwaacha hai. Haifai hata aspirini kabla ya skani.

Jambo hili la kumeza nililiona wodini kwa macho yangu, na kama ningekuwa natoa nyota, ningempa zote muuguzi wa zamu ya jioni. Jamaa walikuwa wamefika na uji kwenye chupa ya chai na maji ya zamzam kwenye kidumu kidogo, kila mmoja akitaka mgonjwa apate japo funda. Muuguzi hakuwafokea. Alisema, "Shikamooni wazee wangu. Zamzam ataipata, lakini ngojeni kwanza nimjaribu kwa kijiko." Akamketisha mjomba wima kwa mito miwili, akamwekea kijiko kimoja cha chai cha maji mdomoni, akaweka vidole viwili kooni kuhisi kama kikoromeo kinapanda, kisha akamwambia aseme jina lake. Sauti ilitoka yenye maji, ya kugugumia, na mara kikohozi. Akaandika "asipewe chochote mdomoni" kwenye kadi ya kitandani, na lishe ikaanza kupitia mrija wa puani hadi alipojaribiwa tena na kufaulu, siku ambayo zamzam ilirudi kwa heshima zake zote.

Kazi hiyo ya muuguzi ina ushahidi ambao sitikolini haina. Katika jaribio la QASC lililofanyika katika wodi 19 za kiharusi nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2011, wauguzi wa upande mmoja walifundishwa kufuata utaratibu wa mambo matatu katika siku za mwanzo: kupima na kushusha homa, kupima na kudhibiti sukari, na kujaribu uwezo wa kumeza kabla ya chakula, kinywaji au dawa. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki wakitegemea watu walikuwa asilimia 42 katika wodi zenye utaratibu huo, na asilimia 58 katika nyingine. Homa huongeza mahitaji ya nishati ya seli ambazo tayari zina upungufu, na sukari iliyopanda huzidisha uharibifu katika ukingo uleule ambao boksi linadai kuulinda. Kipimajoto, tone la damu ya kidole na kijiko cha chai vimefanya kile ambacho mamia ya dawa hayakuweza.

Presha nayo inataka tahadhari, kwani hapa kwetu mtu akianguka jambo la kwanza ni kutafutiwa kidonge cha kuishusha. Katika saa za mwanzo, kwa mgonjwa wa kiharusi cha kuziba ambaye hapewi dawa ya kuyeyusha donge, madaktari huiacha juu mpaka ipite 220 kwa 120, kwa sababu ndiyo inayosukuma ile damu kidogo hadi kwenye ukingo. Kuishusha ghafla ni kuunyima ukingo hata hicho kidogo. Kushusha kwa utaratibu huja baadaye, tena huwa ni kwa maisha yote.

Kuhusu vidonge vyenyewe vilivyotumika, niseme kwa haki kwamba havikumdhuru mjomba. Alilalamika tumbo kidogo na kukosa usingizi, na katika jaribio la ICTUS madhara ya sitikolini hayakuzidi ya dawa bandia. Mkono wake umeanza kushika kikombe, na wapo katika familia wanaoapa kwamba ni vidonge. Huenda wasinisikilize nikiwaambia kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo wawe wamemeza sitikolini au la, na kwamba fiziotherapia aliyofanyishwa, ya kuinua, kushika na kuachia, mara kwa mara hadi akachukia, ndiyo inayoufundisha ubongo uliobaki kufanya kazi ya ule uliokufa. Boksi la kwanza lilipoisha tulimwuliza daktari wa kliniki kama kuna ulazima wa la pili. Akasema hapana, ila akasisitiza kwamba dawa nyingine tatu kwenye karatasi, aspirini, atovastatini ya kolesteroli na ya presha, zisikatwe hata siku moja.

Dawa hizo tatu ni za kuzuia kiharusi kingine, hazina picha ya ubongo unaong'aa, na katika duka lilelile kwa pamoja ziligharimu kwa mwezi chini ya boksi moja la sitikolini. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi mwenye fedha zisizotosha kila kitu, yaani karibu sisi sote, ni kulipia hizo kwanza, kisha nauli ya tuktuk ya kwenda fiziotherapia, na sitikolini iwe ya mwisho au isiwepo kabisa. Wala hakuna aibu kumwuliza aliyeiandika anatarajia ifanye nini na kwa muda gani.

Kwa bei ya boksi moja na ziada kidogo, kemisti hiyo pia inauza mashine ya kupimia presha nyumbani, iliyowekwa rafu ya chini ambako mteja haioni asipoinama. Hiyo ndiyo bidhaa ya duka hilo ninayoipendekeza bila kusita. Chagua inayofungwa mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, na uombe ujaribiwe hapohapo kaunta kabla hujalipa, maana ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa na mkanda mfupi usiouzunguka mkono wa mtu mnene, na mkanda wa namna hiyo hutoa namba kubwa kuliko presha halisi.